Kitabu Kinene cha Kwanini

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Nimekaa hapa kwa Fundi, jirani yetu mshonaji, kwenye kigoda chake cha wateja, yeye ndiye anaandika. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asipunguze. Barua iliyopita nilisema maneno ya kujaza kapu, aliponisomea yakawa ya kujaza kijiko. Na simu siitaki. Kwenye simu mimi na wewe tunaulizana hali, na kabla hatujamaliza kuulizana hali, imekata. Mwanao naye akiishika hainirudii.

Basi. Ulisema nimtafutie mtoto kile kitabu cha picha chenye kila kitu cha dunia, kimjibu maswali yake, mimi nipumzike. Ubarikiwe kwa kulikumbuka hilo neno, kupumzika. Mimi nilishalisahau. Mwanao siku hizi watu wa ngazi nzima ya jengo letu wanamwita Kwanini, jina ulilompa wewe limebaki la daftari la shule. Akioga, kwa nini sabuni inatoa povu na jiwe halitoi. Akila, kwa nini meno hayaoni baridi na yanauma baridi. Juzi nimelala na homa, kanifunua shuka ananiuliza kwa nini kisigino kinapasuka na goti halipasuki. Nikamwambia goti halijawahi kukanyaga maisha. Akasema, "Bibi, hilo si jibu." Na kweli si jibu. Nimechoka, mwanangu, ulimi umeota sugu.

Nikaenda mjini. Sasa lile jina la kitabu ulilolitaja likaniponyoka njiani, nikabaki na kipande. Nikaingia duka la kwanza nikamwambia kijana, nataka insabaiskeli ya watoto, nzuri, yenye picha. Kijana akanishika mkono kwa heshima zote, akanivusha barabara, akaniacha kwa mtengeneza baiskeli. Huyo naye mtu mwema, akaniuliza mtoto ana umri gani, akanitolea ya magurudumu matatu, akaipuliza vumbi. Mpaka tunaelewana nimeshakaa na maji yao nimekunywa. Fundi anasema inaitwa ensaiklopidia. Haya, aandike hivyo, mimi kwangu itabaki insabaiskeli.

Duka lenyewe la vitabu lina mama mmoja, sauti yake kama anaita watu ng'ambo. Kanionyesha aina mbili. Ya kwanza kitabu kimoja, kinene, kizito kama mtoto wa miezi sita, vyote vimo humo humo. Ya pili hiyo si kitabu, ni ukoo. Zipo juzuu tano. Unachukua ya kwanza sasa, inaanzia A, halafu kila mwaka wanakuletea moja mlangoni mpaka zitimie. Anasema hiyo ndiyo ya wasomi.

Umesema nichague kwa picha kwa sababu kusoma sijui. Nimechagua kwa picha. Kile kinene jalada lake lina tembo amelala, wa kijivu, kichwani kama kamwagiwa unga. Tembo mzuri sana, katulia. (Mimi Fundi naandika ninavyoambiwa.) Sijui Fundi anakohoa nini. Yule mama kanipa karatasi yao ya matangazo yenye majalada yote mawili, nimeiweka humu ndani ya bahasha uone na wewe. Nijibu upesi, kabla sijaulizwa kwa nini barua inachelewa.

Mama yako,
kwa mkono wa Fundi


Tarehe 27 Februari

Mama, shikamoo.

Barua nimeipata. Naandika juu ya meza ya kupigia pasi, mzee ninayemtunza huku ugenini amelala, nami nikisikia kikohozi tu naacha. Mgongo unaniuma kidogo, siyo sana. Mengine mazima.

Chukua ya juzuu tano. Nimeuliza watu, wote wanasema ina maelezo marefu na mtoto anakua nayo. Hela ya ile ya kwanza natuma, na zitakazofuata nitapanga mwenyewe na duka, wewe usihangaike. Kile kinene watoto wanakichana mara moja.

Karatasi nimeiona. Mama, tembo gani? Ule ni mlima, una theluji juu! Nimecheka hadi mzee ameamka kuuliza kuna nini. Ulikuwa unamtania Fundi, au ni jua tu?

Mwambie Kwanini nimemkumbuka. Mwambie meno yanauma baridi kwa sababu yana mishipa ndani.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako Fundi kanisomea mara mbili, mara ya pili nikamwambia pale penye juzuu apite polepole.

Halafu nikakaa na vidole vyangu. Juzuu tano, kila mwaka moja. Gumba, mwaka huu. Cha pili, mwaka kesho. Nikaenda hivyo hivyo hadi kidole kidogo, nikamkuta Kwanini ni mwanamwali anaficha barua zake chini ya godoro, na mimi niko ukutani kwenye fremu natazama. Nikajiuliza: mtu aliyesema anarudi mwisho wa mwaka huu anaagiza kitabu cha miaka mitano kiletwe mlangoni kwa nini? Ungekuwa unarudi ungesema, mama, nunua chochote, nikija nitamweleza mwenyewe kwa mdomo. Aliye njiani hapangi chumba. Sikusoma, mwanangu, lakini vidole ninavyo vyote.

Nikarudi kwa yule mama wa sauti. Nikamuuliza, mwezi uko juzuu ya ngapi? Akasema mwezi ni M, upo ya tatu. Mvua? Ya tatu. Usingizi? Ya mwisho. Sasa mimi nikamwambie Kwanini mwezi usubiri mpaka afike darasa la tano? Nyumba hiyo atalala nani?

Kwa hiyo nimenunua kile kinene. Nilikishika jalada nikakitikisa kama mtu anayekung'uta kuku, hakikudondosha unyoya. Nikakinusa, gundi yake nzuri. Nikamwambia anishikishe ukurasa wa mwisho kabisa, nikaushika. Kina mwisho. Hicho ndicho nilichotaka, kitu chenye mwisho.

Hilo la tembo, haya, ni mlima. Watu wazima tugombane kwa ajili ya mlima? Siku ile jua lilikuwa kali. Tupite.

Kwanini amekaa na kitabu sakafuni tangu Jumamosi. Nyumba imepoa, unasikia hadi bomba la jirani linavyodondosha. Nilidhani nitafurahi. Nikakaa kitandani mikono mapajani, nikaona uchovu wote niliokuwa naukimbiza kwa maswali yake umenikuta hapo hapo. Maana mtu anayejibu maswali hajui kama amechoka. Akinyamaziwa ndiyo anajua.

Fundi anasema nimezunguka vya kutosha, sasa niulize moja kwa moja. Basi nakuuliza moja kwa moja: unarudi, au hurudi? Usinihurumie kwenye jibu.

Kwanini anataka na yeye aandike. Fundi amempa kalamu.

Mama yako,
kwa mkono wa Fundi

MAMA SHIKAMOO. KITABU NI KIZURI SANA. MENO NILISHAJUA. BIBI ANA MTOTO. AMESEMA NISIMWAMBIE MTU. SIJUI ATATOKA LINI. NI MIMI.


Tarehe 9 Aprili

Mama, shikamoo.

Umeniuliza moja kwa moja, nami nakujibu moja kwa moja. Sirudi mwaka huu. Mwezi wa kwanza nilisaini tena, miaka miwili. Nikivunja mkataba, nauli ya kurudi ni juu yangu, na mshahara ambao hawajanilipa wanauzuia. Nilitaka kukwambia. Kila nikishika kalamu nasema barua ijayo.

Na zile juzuu siyo kama ulivyohesabu. Nilitaka kila mwaka kuwe na kitu kinagonga mlango, mtoto afungue, aambiwe hiki kimetoka kwa mama yako. Hela inaliwa inakwisha. Nilitaka kitu cha kugonga mlango. Basi.

Sasa wewe nijibu mimi. Mtoto gani? Nimesoma yale maneno ya Kwanini, tangu hapo sijalala. Mdogo wangu kazaa kwa siri? Au kuna mtu kakuachia kichanga akaondoka? Mama, una nguvu gani za kulea mtoto mchanga, wewe ambaye juzi tu ulikuwa na homa? Na "sijui atatoka lini" maana yake nini, nani yuko hospitali?

Fundi, kaka yangu, hapa nakuomba usome kimya kimya. Wewe uko karibu naye, mimi niko mbali. Kitu gani kinaendelea kwenye nyumba ile? Mama yangu hakosei mlima kwa tembo kwa sababu ya jua. Niambie ukweli, hata kama amekukataza.

Mwanao


Tarehe 28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Fundi alipofika pale penye "soma kimya kimya" akasoma kwa sauti, maana amezoea. Ndipo nikamsikia anavua miwani, anaifuta. Nikamwambia, umeshalowa, koga tu. Akasoma mpaka mwisho. Usimlaumu, mtu hawezi kushona na kuficha sindano.

Kwanza huyo mtoto. Mdogo wako hajazaa, na akisikia ulichomdhania atakupigia simu, jiandae. Hakuna kichanga hapa. Ni kitabu chako. Siku ya kwanza tu, Kwanini alikwenda M kuutafuta mwezi. Kabla hajaufikia akapita kwenye picha ya jicho, limepigwa weupe katikati, anasema, kama dirisha la bafuni. Akasoma chini yake: mtoto wa jicho. Akakibeba kile kitabu chote kwa mikono miwili, akakisogeza shavuni kwangu, akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha, kama Fundi anavyolinganisha uzi na kitambaa. Akasema, "Bibi, jicho lako lina mtoto." Nikamwambia nyamaza, usimwambie mtu yeyote. Yeye kwa akili yake, mtoto ni mtoto. Alikwenda shule akamwambia rafiki mmoja tu, kwa siri. Wiki haikwisha mwalimu wake amenipandia ngazi na kopo la poda na sabuni ya mtoto, anahema, ananipa hongera na kunipa pole ya tumbo. Nimecheka hadi nikashika ukuta. Poda nimeichukua. Hongera hairudishwi.

Sasa kicheko kimekwisha. Ni kweli, mwanangu. Tangu mwaka jana naona kama mtu aliyezamishwa kwenye maziwa. Watu nawajua kwa sauti, ngazi naijua kwa miguu, sukari na chumvi kwa ulimi. Hizo picha za kitabu sikuona hata moja. Nilikaa pale dukani nageuza kurasa na kusema "ehee, ehee" kama mwenye macho yake. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi, na ukiacha kazi kwa ajili yangu, tutaishi nyumba moja tukiangaliana kwa deni. Lakini nilipokuuliza unarudi au hurudi, hayo ndiyo nilikuwa naulizia. Kwanini akianguka namsikia akilia. Damu siioni.

Umesaini, umesaini. Karatasi haifutiki kwa machozi. Wewe ulificha mkataba, mimi nilificha macho, tumetoka sare. Na hilo la kugonga mlango limenikaa hapa kifuani, sikulijua. Ungelisema tangu mwanzo ningenunua hizo juzuu na mwezi ungesubiri.

Kitabu kinasema mtoto wa jicho hutolewa, kazi yenyewe fupi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwanini ananisomea kila jioni tangu ajue maana yake, kisha anauliza, "Bibi, kwa nini hutaki atolewe?" Nimejibu maswali yote ya dunia kwa uongo na kweli, hilo limenishinda. Kumwambia mtoto kwamba bibi anaogopa kisu ni kazi. Fundi anasema siku nikisema ndiyo, anafunga cherehani ananipeleka.

Mama yako,
kwa mkono wa Fundi, ambaye anaomba radhi ya ile "kimya kimya"


Tarehe 6 Juni

Mwanangu,

Wamemtoa. La kulia. La kushoto linasubiri zamu yake.

Sikusikia kitu, nilisikia tu daktari anaongea na mwenzake habari za gari lake lililoharibika, nikasema moyoni, jamani maliza jicho kwanza. Kesho yake wakafungua bandeji.

Nakwambia nilichokiona. Kwanza Fundi. Miaka yote hii najua nimekaa na kijana, kumbe ana mvi mpaka kwenye nyusi! Anasema nisimwandikishe hayo. Anaandika. Halafu nimeingia nyumbani kwangu, mwanangu, nikataka kutoka tena. Ukuta wa jikoni mweusi, pembeni buibui wamejenga mtaa, na watu wote walikuwa wanapita wananisifu usafi. Nikafagia kwa jicho moja, nimekatazwa kuinama, nikafagia nimesimama.

Nikalitazama jalada. Ni mlima. Fundi alikuwa sawa, na wewe ulikuwa sawa. Nimeutazama sana. Bado nasema umelala kama tembo.

Halafu Kwanini akarudi kutoka shule. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikasikia miguu yake kwenye ngazi, ile ninayoijua, nikainua uso nimtazame pale ninapomtazamaga siku zote. Nikaona kifua. Nikapandisha jicho ndiyo nikaukuta uso. Na uso wenyewe wako wewe, wa mwaka ule ulipoanza kunijibu kwa mabega. Jino la mbele limeota lote. Shingo imetoka. Gauni lake la shule, ninalomfulia kwa mikono yangu na kumfunga vifungo kila asubuhi, liko juu ya magoti, mwanangu, na mikono imebana kwapani. Nimemvalisha hivyo mbele za watu mwaka mzima. Nikamgeukia Fundi, mbona hukuniambia? Akasema, "Nilikwambia, mama, mara mbili. Ukaniambia natafuta kazi."

Nikalia. Daktari alikataza na kulia. Kwanini akauliza kwa nini, akakimbilia kitabu kutafuta machozi.

Mimi nilikuwa na mtoto wa jicho. Wewe macho yako mawili mazima, nawe hujamwona. Sikusemi. Sisi wote wawili tulikuwa tunamlea yule wa zamani, na yule wa zamani hayupo tena.

Fundi ananiuliza aandike "njoo". Nimemwambia asiandike, karatasi umesaini, nami najua. Aandike hili tu: amerefuka.

Mama yako,
kwa mkono wa Fundi


Tarehe 25 Juni

Mama, shikamoo. Shikamoo na jicho.

Barua yako ilinikuta namtia mzee dawa ya macho. Namtia asubuhi na jioni. Nikaisoma nimesimama na ile chupa mkononi, mpaka mzee akasema, binti, jicho la pili bado.

Nimeomba ruhusa. Wamenipa wiki tatu, Agosti, bila malipo. Si kurudi kabisa, mama. Wiki zikiisha naondoka tena kumaliza mkataba. Nakwambia mapema ili hapa tusidanganyane tena. La kushoto watalitoa nikiwepo, na Kwanini atakaa na mimi siku hiyo.

Jana nilikwenda kumnunulia gauni. Muuzaji akaniuliza, ana urefu gani? Nikaweka mkono hapa kiunoni. Nikakumbuka barua, nikaupandisha. Nikaupandisha tena. Yule dada ananisubiri, mkono uko hewani, nami sijui pa kuuweka.

Nimeacha gauni, nimenunua kitambaa. Mwambie Fundi asimpime kwanza. Ampime mimi nikiwa nimesimama pale pale.

Mwanao